Damu Yangu kwa Jina la Bakari

Dua ya arobaini ya Dokta Salha ilikwisha saa sita mchana, nyumbani kwake Bunju, na pilau ikaanza kupita. Bakari alisimama katikati ya sebule, sahani mkononi, akaninyooshea kidole mbele ya watu ambao wengi wao sikuwajua. “Huyu mnayemwona hapa, sista Tusa, ndo aliyeniokoa roho yangu,” alisema. “Watu wote walikuwaga wananicheka kitambi, yeye peke yake akaitazama damu.” Watu wakanigeukia, wakina mama wakanipa pole na hongera kwa pamoja, na binti yake wa kwanza, ambaye anaitwa Tusajigwe kama mimi ingawa hana tone la Unyakyusa, akaja kuninong'oneza shikamoo shangazi na kunijazia soda. Nilijibu marahaba, nikatazama sahani yangu. Hadithi hiyo nimeisikia kwa karibu miaka ishirini, harusini na misibani, na kila mara Bakari anaisimulia vizuri zaidi. Watu wawili tu duniani tulijua kwamba si ya kweli, na mmoja ndiye huyo tuliyekuwa tumemsomea dua. Niwe mkweli: wazo la kwanza lililonijia pale lilikuwa kwamba sasa nimebaki peke yangu, na nikinyamaza jambo limekwisha. Wazo la pili lilikuwa kwamba Bakari bado hajui, nikaiweka sahani chini.

Ya kwetu Tukuyu nayaacha, hayakuhusika. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na saba, mtaalamu wa maabara mwenye cheti kipya na papara nyingi, nimepanga chumba Kiwalani, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka tulikuwa tunakatiza sentensi, tunasubiri ipite, kisha tunaendelea pale tulipoachia. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo mbili na jiko la mafuta ya taa. Sikuwa mtu wa kutulia. Nilikuwa nakunywa chai nimesimama, navaa viatu huku natembea, na mama mwenye nyumba alikuwa akiniambia kupitia dirishani, “We Tusa, hata kuku anatua.” Nilitaka kufika. Kufika wapi sikujua, ila nilijua kwamba kazi kwa Dokta Salha ilikuwa njia ya huko, maana hapakuwa na maabara nyingine mjini ambapo mtu wa cheti changu angepewa kiti mbele ya darubini na kuambiwa atazame.

Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya wodi ya hospitali, na ukuta wa mbao kati yake uliokuwa unapitisha kila neno. Chumba cha mbele watu walitolewa damu. Cha nyuma tuliitandaza kwenye vioo, tukaipaka rangi, tukahesabu chembe. Dokta Salha, mwanamke wa Temeke kwa wazee wake wote, mrefu, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi, alikuwa anafanya utafiti wa saratani ya damu, ile aina inayokwenda polepole. Uboho ndani ya mifupa unaanza kutengeneza chembe nyeupe bila breki, bandama linavimba upande wa kushoto, mtu anakonda huku tumbo linakua, na kwa miezi mingi anaweza kuendelea na shughuli zake akidhani ni uchovu tu. Swali lililomkosesha raha lilikuwa moja. Vitabu vilimwambia kwamba ugonjwa huo ni wa wazee, na wagonjwa wake walikuwa wanakuja wakiwa na watoto wa kunyonya mgongoni. “Hawa wanaugua mapema au damu zao tunazihesabu vibaya?” alikuwa akiuliza, wakati mwingine akituuliza sisi, wakati mwingine akiuliza kuta. Ili ajue, alihitaji damu za watu wazima wa afya kutoka mitaa ileile, za kulinganisha. Fedha za kuwatafuta mtaani hazikuwepo, kwa hiyo wazima tulikuwa sisi wenyewe: Dokta, mimi, Bakari, walinzi na wapishi wa kantini, watu kumi na wawili. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tulikunja mikono ya mashati, tukatoa damu, kisha tukaenda kunywa chai na mihogo ya kukaanga kama watu waliotoka kutenda jambo la maana.

Bakari ndiye aliyekuwa anatoa damu za wagonjwa. Sijawahi kuona mkono mwepesi kama ule. Watoto waliokuwa wanalia tangu getini walinyamaza wakimsikiliza anavyowatania, na kabla hawajagundua, sindano imeshatoka. Alikuwa mtu wa Temeke vilevile, Dokta alimwita mjukuu wa jirani. Sisi wazima mtoaji nilikuwa mimi. Sheria ya Dokta ilikuwa kwamba jina linaandikwa kwenye kichupa mbele ya mwenye damu, kisha anasomewa kwa sauti, hata kama ni mlinzi unayemjua miaka. Bakari alikuwa akiicheka sheria hiyo. “Mie nisomewe jina langu? Sista, hili jina nimelijua tangu kwa mama yangu. We toa damu, chai inapoa.” Na mimi, kwa ile papara yangu, nilifurahi kupata mtu wa kunirukisha hatua.

Sasa, Februari nilikuwa nimefanya kosa. Asubuhi, kabla ya foleni, nilikuwa na mtindo wa kuandika majina kwenye vichupa vyote kutoka kwenye orodha, navipanga, halafu kazi inakwenda mbio. Siku hiyo watu wawili wanaoitwa Juma wakabadilishana viti, na Juma asiyeumwa akasomewa majibu ya Juma mgonjwa. Alikaa kwenye benchi akilia kwa muda wa saa nzima kabla Dokta hajamgusa tumbo na kuona kwamba bandama lake halina shida yoyote. Dokta alinifungia mlango wa chumba cha nyuma. “Tusa mwanangu, mie sina ugomvi na mjinga,” alisema. “Mjinga nitamfundisha. Lakini mtu anayeharakisha damu ya watu atanitia kesho kwenye makaburi. Mara ya pili utakwenda kutafuta kazi kwingine.” Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi. Nikaacha kuandika mapema kwa muda wa wiki tatu.

Jumatatu ya kwanza ya Machi foleni ilikuwa imefika hadi nje. Nikaandika mapema. Ya wazima tu, nilijiambia, hawa nawajua kwa sura. Nikawatoa damu, nikaweka vichupa kwenye kishikio kimoja na vya wagonjwa watatu wa asubuhi hiyo, Bakari akakunjua mkono wa shati na kukimbilia mihogo. Mchana nikaweka kioo chake chini ya darubini. Damu ya mtu mzima ina nafasi. Chembe nyeupe unazitafuta, unapata moja hapa, mbili pale. Hii ilikuwa imejaa. Chembe za umri wote, changa na komavu, zimebanana uwanja mzima, jambo ambalo kila siku nililiona kwenye damu za wagonjwa na sikuwahi kuliona kwenye damu ya wazima. Nilitoa jicho, nikasoma jina, nikarudisha jicho. Moyo ulinienda mbio, na aibu yangu ni hii: haukunienda mbio kwa ajili ya Bakari. Nilidhani nimechanganya tena. Nilidhani hii ni damu ya mmoja wa wale wagonjwa watatu, na kwamba Dokta akiiona, leo hii hii nabeba mkoba wangu. Kupitia ukuta wa mbao nilikuwa namsikia akiongea kwenye simu na mtu wa kamati ya utafiti, anamwambia, “Ikiwa takwimu moja ni chafu, bwana, mie natupa gunia zima.” Njia sahihi ilikuwa rahisi mno. Ningemwita Bakari kutoka kantini, nimtoe tena, nimsomee jina lake. Dakika tano. Lakini angeuliza kwa nini, na Bakari hana siri, angekwenda kunitania mbele ya Dokta. Nikamwaga damu ile kwenye ndoo ya jiki ya kuulia vijidudu, nikavunja kioo, nikajifunga mpira mkononi kwa meno, nikajitoa damu mwenyewe. Nikaandika Bakari. Daftarini nikajaza hesabu yake, nzuri kabisa, hesabu ya msichana mwenye afya kutoka Tukuyu.

Mwezi wote huo sikukaa. Nilikuwa naanza ugali nauacha, naenda dukani kununua chumvi narudi na sabuni. Nikitembea kutoka kituoni hadi chumbani nilikuwa najibishana mwenyewe: ulichanganya, hukuchanganya. Kama nilichanganya, basi kati ya wale wagonjwa watatu mmoja angekuwa ameonekana mzima, na wote watatu walikuwa wameonekana wagonjwa, hilo nililijua tangu jioni ile na nikalifunika. Aprili ilipofika, nilitoa damu ya Bakari huku tunacheka, nikaiweka mfukoni mwa koti, na sikuiweka chini ya darubini kabisa. Nikaimwaga. Nikajifunga mpira kwa mara ya pili. Machi naweza kuitetea mbele ya mtu mwenye huruma. Aprili siwezi, na sijawahi kujaribu.

Alikuwa anaoa Mei. Mezani kantini hapakuwa na habari nyingine. Kila siku kadi, sare, ngoma, nani ataleta viti. Siku moja nilikuwa naosha mikono, nikamsikia nyuma yangu akiwalalamikia wapishi kuhusu fundi wake wa nguo. “Yaani kanzu kaipima mwenyewe, mabegani inanipwaya, tumboni inanibana. Hapa kushoto ndo kabisaa.” Mpishi mmoja akamwambia hicho ni kitambi cha bwana harusi, bibi harusi ameanza kumlisha mapema, na meza nzima ikacheka, naye akacheka kuliko wote, akijipiga tumbo upande ule wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeshika bomba la maji. Nilijua kilichokuwa pale chini ya mkono wake kama ninavyojua jina langu. Mwili unakonda, tumbo la kushoto linakua. Dokta alikuwa ametufundisha kulitambua kwa macho, mtu akiwa bado mlangoni. Niligeuka nikamwambia, “Bakari, upime tumbo hilo.” Akanijibu, “Nikishaoa, sista, nitapimwa na mwenyewe.” Kicheko kingine. Nikajiambia kwamba nimeshasema. Harusini Temeke nilicheza hadi viatu vikanitoka mguuni, na watu walisema Mnyakyusa yule ana furaha. Wazee husema mficha maradhi kilio humuumbua, ila hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Jumatatu za kwanza za Mei na Juni Bakari alikuwa likizo ya harusi, hakutoa damu. Jumanne moja mwezi Juni, aliporudi kazini, alikosa mshipa. Mgonjwa alikuwa mama mwenye mishipa mizuri tu. Akakosa mara ya pili. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Aliweka sindano chini taratibu, akasugua jicho la kushoto, akasema, “Naona wingu. Jicho hili tangu asubuhi lina wingu.” Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Nikaandika jina lake mbele yake, na safari hii yeye hakutania. Nilitandaza damu ile na sikuhitaji hata kuhesabu. Nikachukua kioo, nikaingia kwa Dokta, nikafunga mlango mwenyewe, nikamwambia yote. Jiki, mpira, meno, Machi, Aprili, kanzu.

Hakunipigia kelele. Alitazama kwenye darubini muda mrefu. “Machi ilikuwa hivi?” Nikasema ndiyo, ila nyepesi kidogo. “Kioo kiko wapi?” Nikasema nilikivunja. Alivua miwani, akafungua lile daftari kubwa, akachukua rula, na kwa wino mwekundu akapiga mstari juu ya damu zote za wazima za mwaka ule, watu kumi na wawili, kila mwezi, maana hakuweza tena kujua ipi ni ya nani. Nilijua kazi aliyokuwa anaifuta. Mapema mwaka uliofuata alikuwa aipeleke mbele ya wenzake nje ya nchi, tiketi alishaahidiwa. Alipofika mwisho wa ukurasa, akageuza ukurasa, akaendelea. Kisha akanikuta bado nimesimama. “Nikikufukuza, utakwenda kumfanyia haya mtu mwingine,” alisema. “Utabaki. Utahesabu damu ya Bakari wewe, kila wiki, mpaka nikuambie basi.” Halafu akatoka, akakaa karibu naye kwenye benchi, akamshika goti. “Mjukuu wa jirani, Tusa ameona kitu kwenye damu yako.” Bakari alinitazama kwa jicho lile zima, na kabla hajalia, aliniambia asante.

Baadaye, chumba kikiwa kimebaki na harufu ya rangi tu, nilimuuliza Dokta kwa nini amenisetiri. Alikuwa anafunga mkoba. “Sijakusetiri wewe. Yule leo ana mke wa wiki tano, na anahitaji mtu mmoja wa kumwamini akimkunjia mkono wa shati. Nimempa. Ukweli uliobaki ni wako, utamwambia mwenyewe akishapata nguvu.” Miezi ile iliyobaki ya mwaka niliikalia kitini, mimi ambaye sikuwahi kukaa. Vidonge vilipatikana, vya kumeza kila siku maisha yote, na wiki baada ya wiki niliona uwanja ule uliojaa ukipungua, nafasi zikarudi, mpaka siku moja Desemba ikanibidi nitafute chembe nyeupe, moja hapa, mbili pale. Nililia juu ya darubini. Jicho la kushoto halikurudi, damu iliyojaa chembe ilikuwa imeziba mishipa yake midogo. Alipata nguvu, nami nikasubiri aongeze nguvu kidogo. Akapata mtoto, akampa jina langu, na baada ya hapo nilikuwa nimechelewa kiasi kwamba kila mwaka ulifanya mwaka uliofuata uwe mgumu zaidi. Dokta alikuwa akiniuliza kwa macho tu. Miaka ya mwisho aliacha kuniuliza.

Basi siku hiyo ya arobaini nilimwomba Bakari tutoke. Tukasimama nyuma ya nyumba, karibu na simtanki, wakina mama wanasugua masufuria, na nikamwambia nikiwa nimesimama wima, bila kuzunguka. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Machi.”

“Machi,” nikasema. “Na Aprili.”

“Mie nimeoa Mei. Kwa hiyo umecheza harusini kwangu unajua?”

“Nilijua nusu. Nusu nyingine niliogopa kuijua.”

Aliinua mkono akajifunika jicho zima, akabaki hivyo ameelekeza uso kwangu, na nadhani alikuwa anatazama kile ambacho jicho la kushoto linamwonyesha, yaani hakuna kitu. “Na hili,” alisema. “Ungesema Machi, ningekuwa nalo?”

“Dokta alisema huenda.”

“Huenda,” alisema. Nilisubiri matusi, ningeyapokea. Binti yake akachungulia mlangoni, “Baba, twende, gari imefika,” akatutazama mmoja baada ya mwingine. Bakari alishusha mkono, akaondoka bila kuniaga. Niliwasikia wakina mama wakimpa pilau ya kufungasha, na nikasikia akikataa.

Siku hizi nina maabara ndogo Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, chumba kimoja, darubini mbili na mashine. Bakari hukatiza mji mzima kutoka Temeke kila baada ya miezi mitatu, akiwapita wapimaji wengine njiani, ili nimtoe damu mimi. Tarehe yake baada ya arobaini ilikuwa Jumanne. Sikunywa chai. Kila mlango ulipofunguka nilisimama, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimefagia chumba mara tatu, msaidizi wangu akaniuliza kama naumwa. Hakuja Jumanne, wala Jumatano. Nilifikiria kumpigia nimkumbushe kuhusu dawa, nikaona sina haki hiyo. Alhamisi, saa nne asubuhi, aliingia peke yake, akasema habari za kazi, akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa shati kama siku zote. Nikachukua kichupa, nikaandika jina lake mbele yake. Nikafunga mpira.

“Soma,” alisema.

Sikumwelewa mara moja.

“Hapo ulipoandika. Nisomee.”

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniomba. Nikakiinua kichupa usawa wa uso wake, nikasoma kwa sauti, majina matatu, umri, tarehe. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Ndipo akanyoosha mkono, na sindano ilipoingia hakutazama pembeni wala hakunitazama mimi. Jicho lake moja lilikitazama kichupa kikijaa, likakifuata mkononi mwangu hadi kwenye mashine, na hakuinuka mpaka alipoona jina lake limetokea kwenye skrini.